Shavu la Mkono: Utangulizi wa Elimu ya Kuchagua Mazoezi

Kabla hatujasema lolote juu ya vyuma, kaa kitako, laza kigasha cha mkono wa kulia mezani, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90 na kiganja kikitazama chini. Shika shavu la mkono huo kwa mkono wa kushoto. Sasa geuza kiganja kitazame juu, kwa nguvu, kama fundi anayekaza skrubu ngumu kwa bisibisi. Utausikia msuli ukijikusanya na kukakamaa chini ya vidole vyako. Hukunyanyua hata gramu moja, na kiwiko hakikusogea.

Wengi waliopiga chuma kwa miaka hushangaa wakifanya jaribio hili. Wamezoea kuambiwa kwamba kazi ya msuli huu ni kukunja mkono, basi. Leonardo da Vinci aliiona kazi yake ya pili mwanzoni mwa karne ya 16, alipokuwa akipasua maiti na kuchora alichokiona: msuli unaokunja kiwiko ndio huohuo unaogeuza kiganja. Mimi huanzia hapo kila ninapowakaribisha wageni katika elimu hii, kwa sababu swali wanalokuja nalo ni lilelile, la zoezi gani la baiseps, yaani msuli huu wa shavu la mkono, ni bora kuliko yote, nao hutegemea kupewa jina. Jina halitawasaidia sana. Anayejua msuli umeanzia wapi na umeishia wapi anaweza kuingia jimu asiyoifahamu, au ua wa nyumba usio na kifaa chochote, akajua la kufanya.

Basi tuutazame. Baiseps ina vichwa viwili, na vyote vinaanzia kwenye kombe la bega. Hakuna hata kimoja kinachoanzia kwenye mfupa wa mkono. Kichwa kirefu kinaanzia juu kabisa ya kikombe cha kiungo cha bega. Kano yake inapita ndani ya kiungo chenyewe, kisha inateremka katika mfereji mwembamba ulio mbele ya mfupa wa mkono. Kichwa kifupi kinaanzia kwenye ncha ya mfupa inayochomoza mbele ya bega, ile unayoweza kuigusa kwa kidole chini kidogo ya mtulinga. Vichwa hivyo hukutana, vikashuka kupita mbele ya kiwiko, vikajishikiza kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Mfupa huo ndio unaozunguka tunapogeuza kiganja. Kwa hiyo baiseps inakunja na kugeuza, na kwa kuwa imevuka bega, inasaidia pia kuinua mkono mbele, japo kwa nguvu ndogo.

Chini yake umelala msuli ambao haupigwi picha mbele ya kioo. Wanaanatomia wanauita brakialisi. Unaanzia kwenye mfupa wa mkono na kuishia kwenye mfupa wa pili wa kigasha, ule wa upande wa kidole kidogo, ambao hauzunguki. Kwa sababu hiyo brakialisi haijali kiganja kimetazama wapi: kiwiko kikikunjwa kwa nguvu, nayo imo kazini. John Basmajian, mwanaanatomia aliyepima umeme wa misuli ya watu wakiwa katika mwendo, na ambaye kitabu chake cha 1962 kiliifungua fani hiyo, aliona kuwa msuli huu ndio mchapakazi mkuu wa kukunja kiwiko. Wa tatu ni brakioradialisi, ule unaotuna juu ya kigasha upande wa kidole gumba ukikunja mkono huku umeshika kitu kama unavyoshika nyundo. Asemaye anataka shavu nene la mkono, akiwa anajua au hajui, anazungumzia misuli hii yote mitatu. Na kama haja yake ni kujaza mikono ya shati, basi aukumbuke na msuli wa nyuma ya mkono, maana huo ni mkubwa kuliko baiseps. Hilo tuliache, lina utangulizi wake.

Kuna hesabu moja ninayopenda ifanywe mapema. Kano ya baiseps imeshika mfupa takriban sentimita 4 kutoka kwenye kiungo cha kiwiko. Kiganja chenye mzigo kiko sentimita 35 hivi kutoka hapohapo. Ukishika kilo 10 huku kigasha kimelala sambamba na sakafu, misuli inayokunja kiwiko inalazimika kuvuta kwa nguvu inayokaribia mara tisa ya uzito huo, bila kuhesabu uzito wa kigasha chenyewe. Maumbile yametunyima nafuu ya nguvu ili yatupe kasi: msuli ukifupika kidogo tu, kiganja kinasafiri mbali. Hii ndiyo sababu dambeli inayoonekana ndogo machoni inamtoa mtu jasho, na ndiyo sababu kano za mahali hapa zinastahili heshima.

Hesabu hiyohiyo inafichua siri ya pili. Uzito huvutwa na dunia kwenda chini, wima. Ukisimama mkono umenyooka, mzigo unaning'inia chini ya kiwiko na msuli haufanyi kazi kubwa ya kukunja. Kigasha kikifika usawa wa sakafu, mzigo unalemea kuliko wakati wowote. Ukipandisha kiganja hadi karibu na bega, unapungua tena. Zoezi la kusimama na kukunja chuma, analolijua kila mtu, ni gumu katikati na jepesi kwenye ncha zote mbili. Ndiyo maana wanaolifanya haraka hurusha kiuno mwanzoni kisha hupumzika juu: wanapita upesi mahali pagumu na kukaa palipo rahisi.

Sasa hamisha mkono uone kinachotokea. Kuna benchi lenye bao la mteremko ambalo unaegemeza nyuma ya mkono wa juu ukiwa umekaa. Larry Scott, Mmarekani aliyeshinda taji la kwanza kabisa la Mr. Olympia mwaka 1965 na kulitetea mwaka 1966, alilifanya liwe maarufu hata watu wakalipa jina lake. Kwa kuwa mkono wa juu umelala kwa mteremko, kigasha kinafika usawa wa sakafu mapema, kiwiko kikiwa bado karibu kunyooka. Ugumu wote umehamia chini, mahali msuli ulipovutika. Ukifika juu, kigasha kinasimama wima na kazi inakuwa imekwisha. Benchi la kuegemea nyuma nalo lina hila yake: umelaza mgongo kwa mteremko, mikono inaning'inia nyuma ya kiwiliwili, na kichwa kirefu, ambacho kinavuka bega, kinaanza kazi kikiwa kimenyooshwa kuliko kawaida. Chuma ni kilekile na kiwiko kinakunjwa vilevile, lakini msuli unakutana na kazi tofauti.

Je, tofauti hizi zina maana kwa mtu anayetaka kukua? Kwa kiasi, ndiyo. Tafiti kadhaa za miaka ya karibuni, nyingine zikifanywa kwenye benchi hilohilo la mteremko, zimewalinganisha watu waliofanya nusu ya chini ya mwendo, msuli ukiwa umenyooka, na waliofanya nusu ya juu. Waliofanya kazi msuli ukiwa umenyooka ndio walionenepa zaidi. Kwa hiyo ukimwona mtu amepakia chuma kizito, anakitikisa juu kwa juu na hakifikishi chini, fahamu kwamba ameiacha sehemu yenye faida kubwa na kuchukua ile ya kujionyesha.

Kiganja nacho kina sauti yake. Kikitazama juu, baiseps inafanya kazi zake mbili kwa pamoja. Kikitazama chini, kano yake inajizungusha kwenye mfupa na kukosa mvuto mzuri, hivyo mzigo mkubwa unawaangukia brakialisi na brakioradialisi. Mshiko wa nyundo uko katikati. Hakuna mshiko wa bure hapa. Kila mmoja unagawa kazi kivyake.

Nije kwenye utafiti unaotajwa sana na watu wa mazoezi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse, kwa ombi la baraza moja la mazoezi la Marekani, waliwachukua watu 16 na kuwapima umeme wa baiseps katika mazoezi 8. Humo kulikuwa na kukunja chuma ukiwa umesimama, benchi la mteremko, benchi la kuegemea nyuma, mashine ya kamba na kujivuta kwenye bomba viganja vikikutazama. Lililoongoza ni lile la kukaa, kuegemeza kiwiko kwenye paja la ndani na kukunja mkono mmoja, zoezi ambalo Arnold Schwarzenegger alipigwa nalo picha nyingi. Maelezo yake hayana utata. Mkono wa juu umezuiwa na paja, kwa hiyo bega halipati nafasi ya kusaidia wala kiuno hakirushwi. Baiseps imeachwa peke yake na kazi.

Utafiti ni mzuri, lakini watu wameusoma vibaya. Kipimo cha umeme kinaonyesha msuli umeamshwa kiasi gani dakika ile. Hakisemi msuli huo utakuwa umenenepa kiasi gani baada ya miezi mitatu. Hayo ni maswali mawili, na la pili hujibiwa kwa kuwafanyisha watu mazoezi kwa wiki nyingi, kisha kupima unene wa misuli yao kwa mashine ya mawimbi ya sauti au picha za sumaku. Kazi hiyo ni ya gharama na inachosha, ndiyo maana tafiti zake ni chache kuliko zile za umeme. Nami nasema wazi: sijawahi kumshauri mtu aache kujivuta kwenye bomba eti kwa sababu hakukuongoza katika jedwali lile. Kujivuta kunabebesha misuli ya kiwiko sehemu kubwa ya uzito wa mwili, kunajenga mgongo papo hapo, na bomba halina ada ya mwezi.

Kutoka kwenye zoezi twende kwenye kiasi, maana hapa ndipo elimu hii ilipopiga hatua kubwa. Msemo wa seti tatu za marudio kumi, unaorudiwa katika kila jimu, una wenyewe. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wakiwa na magoti yaliyonyauka misuli. Wakati huo madaktari wengi waliogopa kuwapa wagonjwa uzito mkubwa. Yeye aliwapa, na akawaongezea kadiri walivyopata nguvu. Mwaka 1945 alichapisha matokeo, na mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins wakapunguza mpango wao hadi seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi tu, ya pili kwa robo tatu yake, ya tatu kwa uzito wenyewe. Seti zimebaki midomoni mwa watu; kupanda kwa uzito kutoka seti hadi seti, ambako ndiko kulikokuwa kiini cha mpango, kumesahaulika.

Tunachokijua leo kinampa mtu uhuru zaidi. Msuli unakua kwa uzito mwepesi na kwa mzito pia, kuanzia kama asilimia 30 ya ule unaoweza kuunyanyua mara moja tu, mradi seti iendelezwe mpaka umebakiwa na marudio mawili matatu au huna kabisa. Anayetaka nguvu za kunyanyua kizito, yeye lazima azoee kizito. Na mtu anayevuta bomba na kufanya mazoezi ya mgongo tayari anaifanyisha kazi baiseps. Asishangae mikono ikimuuma akiongeza juu yake siku nzima ya kukunja vyuma.

Kuna jambo huwakatisha tamaa wageni, nalo lilipimwa kwenye misuli hiihii ya kiwiko. Moritani na deVries, mwaka 1979, walionyesha kwamba nguvu zinazopatikana katika wiki za mwanzo zinatokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuuamrisha msuli kuliko msuli wenyewe kunenepa. Unene unafuata baadaye. Edward Scripture wa Chuo Kikuu cha Yale alikuwa amekwishaona dalili ya hilo mwaka 1894: mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi, ule mwingine usioguswa nao unaongeza nguvu. Basi ukiona mwezi wa kwanza uzito unapanda lakini tepu ya fundi cherehani inasoma namba ileile, hakuna kilichoharibika.

Ni hapa pia ninapotofautiana na wale wanaohubiri kubadilisha mazoezi kila wiki ili eti msuli ushtuke. Kila zoezi jipya linairudisha mishipa ya fahamu darasa la kwanza. Maumivu unayoyapata kesho yake ni ya ugeni wa kazi tu, na hupungua sana ukiirudia kazi ileile. Anayebadilisha kila wiki anaumwa kila wiki na hajui kama amepiga hatua.

Wengi wetu hatuna mashine ya kamba. Jimu za mitaani zimejengwa kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, bomba la chuma katikati. Sizidharau hata kidogo. Lita moja ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi, kwa hiyo kopo la lita 4 linakaribia kilo 10, na chuma cha makopo mawili kinakaribia kilo 20 kabla ya kuhesabu bomba. Kwa kukunja mkono, huo ni uzito mkubwa kwa mgeni. Tatizo lake ni kwamba hauongezeki: ni kilo 20 au upate chuma kingine. Upande mmoja pia mara nyingi ni mzito kuliko mwingine, kwa hiyo geuza chuma kila seti.

Dumu la maji linatibu tatizo hilo vizuri kuliko dambeli nyingi za dukani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 5 unaweza kulianza na lita 3, wiki ijayo ukaongeza nusu lita, na kuendelea hivyo hadi lijae. Dambeli nyingi zinapanda kwa kilo 2 au 2.5 kwa mkupuo, na kwa mtu anayekunja kilo 5 hilo ni ongezeko la karibu nusu ya mzigo wake. Kasoro ya dumu ni mpini wake, ambao unakulazimisha ushike kama nyundo. Brakialisi na brakioradialisi watafaidi zaidi. Kwa kazi ya kugeuza kiganja tafuta ndoo yenye mpini uliolala, au bomba la kujivutia, na kiganja kikutazame. Dumu lisilojaa nalo linatikisa maji, likakulazimisha kwenda polepole. Hilo silihesabu kuwa hasara.

Kuna la hadhari. Kano ya chini ya baiseps hukatika zaidi kwa wanaume wa makamo, hasa pale mzigo unapowashinda na kukinyoosha kiwiko kwa nguvu huku kiganja kimetazama juu. Aliyepata ajali hiyo husikia kitu kimekatika, damu inavilia karibu na kiwiko na shavu linapanda kuelekea begani. Huyo asikandwe wala asisubiri wiki. Aende hospitali upesi, maana upasuaji ukichelewa unakuwa mgumu. Na mgeni aliyejipigisha kukunja mikono hadi akashindwa kuinyoosha, kisha akaona mkojo wake umekuwa wa kahawia iliyokolea, naye aende siku hiyohiyo, kwa sababu misuli iliyovunjika inaweza kuziumiza figo.

Wanaoniuliza kuhusu kilele cha shavu, kile kinundu kinachosimama mkono ukikunjwa, huwa nawajibu kwa ufupi. Umbo la msuli na urefu wa kano vimetoka kwa wazazi wako. Zoezi linaunenepesha msuli. Halihamishi mahali ulipojishikiza.

Sasa anza kazi. Chagua mazoezi mawili: moja linalouweka ugumu chini, msuli ukiwa umenyooka, kama benchi la mteremko au la kuegemea nyuma, na jingine la kujivuta au la mshiko wa nyundo ili msuli wa chini usisahaulike. Yafanye mara mbili kwa wiki, seti tatu au nne kila moja, ukishusha mzigo polepole kuliko ulivyoupandisha. Andika katika daftari uzito na marudio ya kila siku, hata siku uliyofanya vibaya. Baada ya wiki nane lifungue daftari hilo. Ukikuta namba hazijapanda, badilisha zoezi au ongeza chakula na usingizi; ukikuta zimepanda, usiliache zoezi lako kwa sababu ya video uliyoiona jana.